Ufunikeni uso wa mchimbaji, uacheni ubao wa depo

Video nyingi zinazotoka Kolwezi hukosea mara mbili kwa wakati mmoja: aliyepaswa kufichwa anaonekana, na maandishi yaliyopaswa kuonekana yamefichwa. Mtoto aliyebeba gunia la madini anaachwa uso wazi, macho yakitazama kamera, huku jina lililochorwa ubavuni mwa lori linalopita nyuma yake likiwa limefunikwa ukungu, kwa kuwa mwenye chombo cha habari ameogopa wanasheria wa kampuni. Uamuzi wa kuacha na uamuzi wa kufunika umefanywa na mhariri mmoja, kwa zana ileile, pengine mchana mmoja. Ndiyo maana zana hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini: inavyofanya kazi, inaposhindwa, na inamlinda nani.

Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote inayochimbwa duniani, na sehemu kubwa yake inatoka ukanda huu. Mwaka 2014 madini yaligunduliwa chini ya nyumba za watu katika mtaa wa Kasulo, na muda si mrefu mtaa mzima ukawa mashimo yaliyofunikwa kwa maturubai. Januari 2016 Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo ya kobalti, na tangu hapo kamera hazijaacha kuja. Gazeti la Washington Post lilikuja mwaka huohuo, Sky News ikaja Februari 2017, na leo kila mchimbaji mwenye simu ni mpiga picha.

Taarifa ya Sky News ilibeba uso wa mvulana wa miaka minane. Watazamaji waliguswa, na baadaye mvulana huyo alipatiwa mahali pa kukaa na shule. Wanaotetea uso wazi hupenda mfano kama huu, na hoja yao si ndogo: mtu humhurumia mtu, na mraba wa ukungu hauhurumiwi na yeyote. Lakini mfano huo unahesabu aliyebahatika peke yake. Waliosimama pembeni yake katika picha kama hizo, wavulana wengine, mwanamke anayeinama kuokota, mzee mwenye chepe, hubaki palepale machimboni na nyuso zao zikiwa zimeshasambaa.

Hatari yenyewe ni ya kila siku. Mchimbaji wa mkono, creuseur kama wanavyoitwa huko, anauza mawe yake kwenye depo ambayo kesho atairudia. Mara nyingi shimo lake liko ndani ya eneo la kampuni, ambako kuingia bila ruhusa ni kosa. Tarehe 27 Juni 2019 sehemu ya mgodi wa KCC, kampuni iliyo chini ya Glencore, iliporomoka na kuua wachimbaji wa aina hiyo. Mamlaka zilihesabu maiti 43. Jeshi likapelekwa kuwaondoa waliobaki. Katika mazingira kama hayo, mtu anayesema mbele ya kamera kwamba huingia usiku, kwamba humpa mlinzi chochote, kwamba depo inamwibia, ametoa ushahidi dhidi ya watu watatu wenye nguvu kumzidi. Na video haikai Ulaya ilikorushwa. Inarudi kwa WhatsApp kabla hata mwenyewe hajarudi nyumbani kutoka shimoni.

Tuitazame kazi ya kumfunika, basi. Chukua kipande cha sekunde 10: mtu anatoka shimoni, gunia begani, tochi kichwani, anapita mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa fremu 25 kila sekunde, hizo ni picha 250. Hata kwenye simu, kwa programu kama CapCut, hatua ni zilezile za studio kubwa: unanakili kipande hicho juu ya chenyewe, nakala ya juu unaipa vigae, yaani miraba inayovunja sura, au ukungu, kisha unachora maski, yaani umbo la duara linaloruhusu ukungu uonekane pale kwenye uso tu. Umbo hilo likikaa mahali pamoja mtu atalipita baada ya hatua moja. Kwa hiyo unaweka alama kwenye mstari wa muda, kialmasi kidogo: katika fremu hii maski iwe hapa, yenye ukubwa huu. Unasogea mbele, unaisogeza maski, unaweka alama nyingine. Hizo ndizo fremu kuu. Fremu zilizo katikati mashine huzijaza yenyewe kwa kuisogeza maski kutoka alama hadi alama.

Hapo ndipo siri inapovuja. Mashine husogea kwa mstari ulionyooka na kwa mwendo sawa, na mtu aliyebeba gunia hatembei hivyo. Anainama kupita chini ya turubai, anasimama kubadilisha bega, anageuka kumwitikia mwenzake. Ukiwa umeweka alama mwanzoni na mwishoni pekee, maski itakuwa inaelea mbele yake kama fremu 30 huku sikio, shavu na jicho moja vikiwa wazi. Na haihitaji fremu 30. Fremu moja ni sekunde 0.04, mtazamaji wa kawaida hataiona, ila anayemtafuta mtu atasimamisha video na kuipitia picha baada ya picha, na moja inamtosha. Alama ziwekwe kila mwendo unapobadilika, wala si kila baada ya sekunde kadhaa kwa mazoea. Fremu ya kwanza na ya mwisho za kila kipande zikaguliwe peke yake, kwa sababu wahariri wengi huanza maski pale wanapouona uso vizuri, wakasahau kwamba ulishaingia kwenye picha kabla.

Programu nyingi sasa zina ufuatiliaji wa kujiendesha: unachora mara moja, mashine inaufuata uso. Ni msaada mkubwa, na machimboni huanguka haraka. Gunia likipita mbele ya uso, mashine inapoteza njia na kuganda kwenye gunia. Mwanga wa tochi ya kichwani ukielekea kwenye lenzi, paji la uso linageuka doa jeupe. Vumbi la madini hulingana rangi na ukuta wa shimo. Juu ya hayo kuna tatizo ambalo Joy Buolamwini na Timnit Gebru walilipima mwaka 2018: mifumo ya kibiashara ya kutambua jinsia usoni ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1. Kipimo chao kilikuwa cha jinsia, lakini kinatuonyesha mashine hizi zilifundishwa kwa nyuso za nani. Mhariri wa Kolwezi asiiamini mashine hadi aipitie kazi yake mwenyewe, fremu kwa fremu.

Swali la pili ni unene wa pazia. Oktoba 2007 mtu aliyekuwa ameuvuruga uso wake kwenye picha kwa athari ya kuzungusha alikamatwa Thailand, baada ya wataalamu wa polisi wa Ujerumani kuuzungusha uso huo kurudi ulivyokuwa na Interpol kuutangaza. Yule alikuwa mhalifu dhidi ya watoto, na dunia ilishukuru. Funzo la kiufundi linabaki: kilichosogezwa tu kinaweza kurudishwa. Vigae na ukungu hupoteza taarifa kweli, lakini havipotezi zote. Mwaka 2016 watafiti Richard McPherson, Reza Shokri na Vitaly Shmatikov waliifundisha mashine kutambua nyuso zilizopigwa vigae na zilizofifishwa kwa zana ya YouTube yenyewe, ile iliyozinduliwa 2012, na mashine ikapatia mara nyingi mno kwa mtu kuendelea kuamini pazia hilo. Ilichohitaji ni orodha ya watu wanaoshukiwa. Kampuni yenye picha za vitambulisho vya walioajiriwa na waliofukuzwa ina orodha hiyo tayari.

Binadamu naye hahitaji hata mashine. Karen Lander, Vicki Bruce na Harry Hill walionyesha mwaka 2001 kwamba watu huzitambua baadhi ya nyuso wanazozifahamu hata zikiwa zimepigwa vigae au zimefifishwa, na kwamba uso unaosogea hutambulika zaidi ya ulioganda. Ukungu unamficha mchimbaji kwa mtazamaji wa Brussels, ambaye hata uso ungekuwa wazi asingemjua. Kwa jirani yake wa Kasulo, kwa mlinzi anayemwona kila usiku, kwa mnunuzi wa depo, ni kitambaa chepesi. Kwa sababu hiyo mimi nasimama na wale wanaotaka pazia zito kabisa: umbo la rangi moja lisilopitisha kitu, kubwa kuliko uso, linalomeza masikio, taya na mstari wa nywele. Halipendezi, lakini linatimiza ahadi.

Maana ni ahadi. Ukimwambia mama anayeosha madini kwenye ziwa Malo, kule Kapata, "Mama, sura yako hatutaionyesha," yeye hasikii habari za vigae na fremu. Anasikia kwamba hakuna atakayejua ni yeye. Basi kitenge chake, kovu la mkono wake, mtoto aliye mgongoni na sauti yake vyote vimo ndani ya ahadi hiyo. Sauti iliyoshushwa kidogo hupandishwa tena kwa kubofya mara moja. Afadhali maneno yake yasomwe upya na mtu mwingine. Jezi ya mpira aliyovaa kijana yuleyule wiki nzima inamtaja kama jina. Rangi ya maturubai na mpangilio wa mashimo humwambia mwenyeji ni machimbo yapi na kundi gani. Njia salama kuliko zote huanza kabla ya kuhariri: kupiga mikono, migongo, chepe likiingia udongoni, mtu akiwa kivuli mbele ya mwanga. Uso ambao kamera haikuuchukua hauna fremu ya kuvuja.

Wengine wanasema dawa ni kuubadilisha uso badala ya kuufunika, na hoja yao ina heshima ndani yake. Katika televisheni zetu uso wa vigae ni wa mshtakiwa au wa aliyedhalilishwa. Kumpiga mchimbaji vigae ni kumkalisha kwenye benchi lisilo lake. Filamu ya David France ya mwaka 2020, Welcome to Chechnya, ilionyesha njia nyingine. Watu zaidi ya 20 waliokuwa wakikimbia mateso walipewa nyuso za wanaharakati waliojitolea kuwakopesha zao, na kompyuta ikazishonea juu ya mienendo yao halisi: jicho likilia, linalia kweli, ila si jicho la mwenye msiba. Mtazamaji aliambiwa tangu mwanzo, na ukingo laini ulioachwa kuzunguka nyuso ulimkumbusha.

Kwa Kolwezi bado nina wasiwasi na njia hiyo. Ile filamu ilikuwa na bajeti, muda na timu ya mafundi chini ya Ryan Laney. Programu za sasa za kubadilisha uso humaliza kazi kwa dakika chache, na uso mpya haukukopwa kwa mtu. Umetengenezwa na mashine kutokana na nyuso za watu wasioulizwa. Kisha ukweli wenyewe wa video unalegea. Kampuni inayotaka kusema kwamba mtoto huyu hayupo itakuwa imesema kweli kwa nusu: mtoto mwenye uso huu hayupo. Uso uliofunikwa waziwazi unamwambia kila mtazamaji kwamba hapa kuna mtu, tumemficha kwa makusudi. Uso uliobadilishwa bila tangazo haumwambii chochote, na kwangu mimi hapo kulinda kumekwisha, kughushi kumeanza.

Maandishi ndiyo yanayonitia uchungu zaidi, kwa sababu hayazungumzwi. Ukitoka mjini kuelekea soko la Musompo utakuta safu za depo, na mbele ya depo ubao au kipande cha gunia lililowambwa, kimeandikwa kwa mkono: upande mmoja asilimia za madini, upande wa pili bei ya kilo kwa faranga. Mchimbaji anafungua gunia, mnunuzi anaelekeza kifaa chenye umbo la bastola ambacho Kolwezi nzima wanakiita Metorex, namba inatokea kwenye kioo kidogo, na namba hiyo ndiyo ujira wa siku. Malalamiko ya wachimbaji kwamba kipimo kinapunja ni ya miaka mingi, na wengi wao hawana kipimo cha kwao cha kulinganishia. Sasa fikiri video inayoonyesha kioo kile na ubao ule katika picha moja. Ni stakabadhi. Hakuna maelezo ya mwandishi yanayoweza kuchukua nafasi yake.

Na ni kitu chepesi mno kughushi. Ubao ni bapa na hautembei. Kamera ikiwa imetulia, maski haihitaji hata fremu kuu ya pili: unakopa kipande kisafi cha ubao huohuo, unafunika tarakimu, unaandika nyingine kwa mwandiko unaofanana, unairudishia picha ukungu wake wa asili. Kamera ikitikisika, unaifunga kazi kwenye pembe nne za ubao na programu inazifuata kwa uhakika kuliko inavyoufuata uso wa binadamu. Asilimia 2 inakuwa 3 na hakuna atakayegundua kwa macho. Kwa hiyo sheria ya mhariri juu ya maandishi yaliyomo ndani ya picha iwe ngumu kuliko ile ya nyuso: yasibadilishwe kamwe, kwa nia yoyote. Yakilazimika kufichwa, kama namba ya simu ya mtu binafsi au ya pikipiki ya mchimbaji, yafichwe kwa pazia linaloonekana. Jina la kampuni kwenye lori, jina la depo, bei na tarehe vibaki.

Maandishi yanayobandikwa juu ya picha yameleta vurugu kubwa zaidi, tena bila ufundi wowote. Novemba 2024 video ya kilima kikiporomoka Katanga ilizunguka dunia, ikiwa na maandishi ya kila lugha yaliyodai kwamba akiba kubwa ya shaba imefichuliwa, na nakala nyingi hazikutaja hata mgodi. Picha ni ileile, haikuguswa. Aliyeongeza mstari mmoja wa herufi amejiamulia maana yake. Msomaji wa Kiswahili ana nafasi ya pekee hapa: mara nyingi anasikia anachosema mchimbaji chini ya sauti ya mtangazaji, na anaweza kukilinganisha na kilichoandikwa chini ya picha. Tulitumie sikio hilo.

Shaka ikishaingia huwafaa wenye nguvu. Salamu za mwaka mpya za Rais Ali Bongo wa Gabon, zilizorushwa mwishoni mwa 2018, zilidhaniwa na wengi kuwa video ya kughushi, na siku chache baadaye, tarehe 7 Januari 2019, wanajeshi walijaribu kupindua serikali. Hakuna aliyethibitisha kwamba video ile ilighushiwa. Shaka ilisambaa hata hivyo. Sasa angalia Kalando, Lualaba, tarehe 15 Novemba 2025, ambako daraja lilianguka juu ya wachimbaji na mamlaka zikasema zaidi ya watu 30 wamekufa. Suala likawa chanzo: umati kukimbilia darajani, au hofu iliyotokana na risasi za askari waliokuwa wakilinda eneo, kama ilivyoelezwa katika taarifa ya SAEMAPE, idara ya serikali inayosimamia wachimbaji wadogo. Kwa swali kama hilo sauti ya sekunde mbili kabla ya kuanguka ni kila kitu, na video iliyokatwa, iliyofunikwa na kuandikwa juu haiwezi kulijibu.

Ndiyo sababu mhariri wa Lualaba anahitaji nakala mbili na asizichanganye. Moja ni ya kurusha: imefunikwa kwa pazia zito, imeondolewa sauti, na taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya faili zimefutwa. Nyingine ni asili, haijaguswa, imefungwa kwa nenosiri na kutunzwa nje ya simu, kwa kuwa simu hunyang'anywa. Mwongozo wa Berkeley, uliotolewa mwaka 2020 na Chuo Kikuu cha California pamoja na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, unaeleza jinsi faili ya namna hiyo inavyolindwa ili mahakama iipokee. Kongo inaujua utaratibu huo. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR, na sehemu ya ushahidi ilikuwa picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness to Atrocities, inayorekodi mahali na saa na kuonyesha kama picha imeguswa.

Hofu iliyobaki ni kwamba siku ya mahakama pazia litalazimika kuondoka na mchimbaji atabaki uchi. Si lazima iwe hivyo. Familia za watoto waliokufa au kuumia katika machimbo ya kobalti zilipoishtaki Apple, Google, Dell, Microsoft na Tesla mjini Washington Desemba 2019, ziliingia kwa majina ya kuficha, na zilibaki na majina hayo hadi mahakama ya rufaa ilipoikataa kesi yao Machi 2024. Karibu zaidi na kwetu ni Kavumu, Kivu Kusini. Mahakama ya kijeshi ilihamia kijijini Novemba 2017 kusikiliza kesi ya ubakaji wa wasichana wadogo. Watoto hawakupandishwa kizimbani, video za mahojiano yao zilitumika. Mashahidi wengine walikuja wamefunikwa, wakaketi nyuma ya pazia na sauti zao zikabadilishwa. Majaji waliwajua ni akina nani, waliojaa uwanjani hawakuwajua. Hukumu ilisomwa tarehe 13 Desemba: wanaume 11, akiwemo mbunge wa mkoa Frederic Batumike, kifungo cha maisha.